Mwanamume Mwenye Viatu Mkononi

"Toa vitu vyako ndani ya nyumba yangu!"

Hapo ndipo tulipomwacha Mpimaji, kidole kimemwelekea mkewe, mate yanamruka, na nyuma yake runinga imeganda kwenye picha ya mwanamume mgeni anayeingia kwa mlango wa uani, kofia imeshushwa hadi puani, viatu vimeshikwa mkononi. Nyie mlioniandikia wiki nzima mkitaka kujua kama Fundi alilia, jibu ni hili: hakulia. Alikuwa anakitazama kile kidole.

Kidole kilikuwa kinatetemeka.

Mwenye hasira ya kweli, Fundi aliwaza, hutetemeka mdomo. Kidole hutetemeka kwa mtu mwingine kabisa.

Kwa yule anayetufungua leo kwa mara ya kwanza, nitasema haraka, sina subira ya kutafuna maneno mara mbili. Fundi ni mke wa nyumba hii, na huko hospitali anakofanya kazi ndiye mtunza kompyuta zote. Jina la Fundi alipewa na mama mkwe wake kwa kejeli, likamkaa vizuri kuliko huyo mama alivyotaka. Nyumba ameijenga yeye na mumewe Mpimaji, mpima ardhi, tofali lake, bati la mumewe, ila kiwanja ni cha ukoo wa mume. Na ukoo huo una sheria moja wanayoipenda kuliko watoto wao: mke akifumaniwa, anatoka na nguo alizovaa. Hapati hata kijiko.

Picha ile ya runingani ndiyo fumanizi lenyewe.

Jumapili alasiri, mapazia yamefungwa, ukoo umekaa kwenye makochi aliyoyanunua Fundi, unamhukumu Fundi. Kwenye kochi kubwa kakaa Mjomba, kaka wa mama mkwe, mzee ambaye neno lake halina rufaa. Pembeni yake mama mkwe mwenyewe, Bi Swichi, anayeitwa hivyo kwa sababu hawezi kupita ukutani bila kuzima kitu. Na mbele ya runinga kasimama shemeji mtu, mdogo wake Mpimaji, anayejiita Injinia.

Injinia hajawahi kuwa injinia hata kwa bahati mbaya. Alijiunga na kozi ya ufundi simu, akahudhuria somo la kufungua simu, somo la kuifunga hakwenda. Tangu hapo anatembea na bisibisi mfukoni kama kalamu ya daktari.

"Tarehe hiyo hapo!" Injinia alisema, akigonga kioo cha runinga kwa rimoti. "Jumapili ile ya kukatikakatika umeme. Saa nane mchana. Kaka yuko porini na vyombo vyake vya kupimia. Mimi na mama tuko harusini. Nyumbani nani? Shemeji peke yake! Kamera haidanganyi, Mjomba. Mwenye macho haambiwi tazama."

"Mimi nilisema," Bi Swichi akadakia. "Nilisema tangu siku ile alipoleta kijidude chake. Mwanamke anayefunga kamera nyumbani ana la kuficha."

Mtu mwenye la kuficha afunge kamera! Lakini sebule nzima ilitikisa kichwa kukubali, kama kawaida ya sebule ile.

Kijidude chenyewe ni seva ya nyumbani. Fundi aliiunda mwenyewe na kuiweka kwenye kabati la mashuka ukumbini: mashine ndogo ukubwa wa kipande cha sabuni, haina feni, haina kelele, inakula umeme mdogo kuliko taa ya choo. Kazi yake mbili. Kupokea kwa waya picha za kamera ya geti na ya uani, na kutunza nakala za vitu vya familia, picha, vyeti, mambo hayo, ili simu ikianguka chooni watu wasilie. Kila aliyemo sebuleni alishawahi kuokolewa na kijidude kile. Hakuna aliyewahi kukishukuru.

"Kinafyonza umeme kama kupe," ndiyo shukrani ya Bi Swichi.

"Umesikia nilichosema?" Mpimaji akafoka. "Toa vitu vyako!"

"Nimesikia," Fundi alisema. "Jirani wa tatu naye amesikia. Mjomba, naomba neno moja kabla sijafunga mizigo."

Mjomba akanyoosha fimbo yake sakafuni. "Sema, mkwe wangu. Hata mwizi husikilizwa."

"Asante kwa kunipa cheo. Shemeji, rudisha picha mwanzo. Na ufungulie sauti."

Injinia akacheka. "Kamera haina sauti, shemeji. Wewe si ndiye fundi?"

Kamera ya uani Fundi aliichagua mwenyewe, akaifunga mwenyewe, na maikrofoni yake aliijaribu mwenyewe kwa kumwimbia paka. Ina sauti. Aliyeinyima sauti ni huyu mwenye bisibisi. Lakini alilimeza, akaliweka akiba.

Picha ikarudi mwanzo. Ua. Kamba ya nguo. Ukuta. Mwanamume akaingia, viatu mkononi, akanyata, akapotelea mlangoni. Sekunde chache tu, basi.

"Mara ya nne hiyo," Mpimaji alisema. "Unataka kumwona tena? Umemkumbuka?"

"Simtazami yeye," Fundi alisema. "Shemeji, simamisha. Hapo hapo. Mjomba, ile bluu nyuma ya kamba ya nguo ni nini?"

Mjomba akavaa miwani. Akainama. "Si tangi la maji?"

"Nani alilileta?"

"Mimi. Nilikuja nalo mwenyewe kwenye pikapu, nikakaa hapo mpaka wakalipandisha. Wewe hukuwepo, ulikuwa kwenye mafunzo ya kazi. Uliporudi ukanipigia simu kunishukuru."

"Niliondoka lini?"

"Uliondoka ile ile Jumapili ya umeme, jioni. Nilikupeleka stendi mim..."

Mjomba hakumaliza. Miwani ilimshuka puani, akaipandisha.

"Na kabla ya tangi," Fundi alisema, taratibu kama anayemlisha mgonjwa uji, "pale palikuwa na nini?"

"Mapipa," Mjomba alisema. "Mapipa mawili ya kutu."

"Jumapili ile mchana, saa nane, pale palitakiwa kuwa na mapipa. Sasa huyu bwana wangu kaingia na viatu mkononi, na tangi alilibeba wapi? Mfukoni?"

Mpimaji akashusha kidole chake bila mtu kumwambia. Bi Swichi akaanza kukunja kona ya kitambaa cha meza.

"Labda..." Injinia alisema, "labda kamera iliona mbele."

"Iliona mbele?" Mjomba akamgeukia. "Ile ni kamera au mpiga ramli?"

Debe tupu likanyamaza. Nawaambieni, ni kazi kumdharau Injinia, maana kila ukifika mwisho wa dharau yeye anakuongezea nafasi.

"Kamera haikuona mbele, Mjomba," Fundi alisema. "Saa ndiyo ilibaki nyuma. Mashine ile nilichagua ndogo, ya kubana umeme, haina betri ya saa ndani. Ikizimwa, inakumbuka saa ya mwisho tu. Ikiwashwa, inauliza intaneti leo ni lini. Kama ruta nayo imezimwa, haina wa kumuuliza, inaendelea kuhesabu pale ilipolalia. Jumapili ile umeme ulipoanza kuchezacheza, niliizima mwenyewe ukutani isije ikaungua. Ilikuwa saa nane kasoro. Nikasafiri ikiwa imezimwa. Sasa kuna mtu aliiwasha nikiwa sipo, na ruta imezimwa, na tangi limeshafika. Mashine ikaamka ikidhani bado ni Jumapili ile."

"Kama mlevi," Mjomba alisema.

"Kama mlevi aliyelala sherehe ikiendelea. Wenzangu wa mafunzo wapo, wakufunzi wapo, ulizeni. Mimi sikuwa katika nyumba hii. Kwa hiyo, Mjomba, swali siulizwi mimi tena. Aulizwe aliyekuwa na funguo za mlango wa uani."

Macho ya sebule yakahama, taratibu, jozi moja baada ya nyingine. Yakatua kwa Bi Swichi.

Kitambaa cha meza kilikuwa kimeshakunjwa chote.

"Dada?" Mjomba aliita.

Bi Swichi akainua uso. Hapo Fundi alitegemea mayowe, moyo unauma, maji, maji, nifungulieni dirisha. Mama yule akibanwa huwa anazimia, na akizimia huwa anachagua kochi laini. Leo hakuzimia.

"Ni mgeni wangu," alisema.

"Nini?"

"Umesikia, kaka. Mgeni wangu. Mimi ni mjane, siyo gogo. Alikuja kuniona."

Mjomba alisimama, akakaa, akasimama tena. "Mgeni wako! Na viatu mkononi! Umri huu, dada! Wajukuu wanakuita bibi!"

"Nilipiga pasi gauni langu la maua," Bi Swichi aliendelea, akitazama zulia, "nikaiwasha ekstensheni ile ya kabatini, ndiyo kijidude kikaamka. Sikujua. Nisameheni. Mkwe wangu, nisamehe na wewe."

Nisamehe! Fundi alikuwa ameishi na mama huyu miaka na miaka, hajawahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, hata siku alipommwagia chai ya moto mguuni. Siku ile alisema mguu ulikaa vibaya.

"Basi, yamekwisha!" Mpimaji akapiga kofi. Kicheko kilimtoka kirefu mno. "Lo! Tumemwonea mke wangu bure. Mke wangu, tusameheane, ni shetani tu huyu. Mjomba, tufunge mjadala. Aibu ya mama tuiache humu humu ndani."

Shetani ana kazi. Dakika chache tu nyuma alikuwa Fundi, sasa ni shetani, na mwenye kidole yumo katikati, mweupe pe.

Fundi hakucheka. Kuna kitu kilikuwa kinamwasha kama punje ya mchanga jichoni. Bi Swichi angemeza sindano kabla ya kukiri mwanamume mbele ya kaka yake. Kwa nini ameungama haraka hivyo, tena bila kulazimishwa? Na tangu lini mama yule, ambaye huita runinga na redio jina moja, akajua kijidude huamka kwa ekstensheni?

Halafu akakumbuka.

Ilikuwa siku chache kabla ya safari. Injinia alimfuata jikoni, akaegemea friji, akauliza kwa sauti ya mtu anayependa elimu: "Hivi shemeji, ile mashine yako ikizimwa, halafu ikawashwa ruta ikiwa imezimwa, saa inakuwaje?" Naye, mjinga wa kupenda kazi yake, akafurahi. Akasema afadhali leo kauliza jambo la maana. Akamweleza yote, na chai akammiminia.

"Shemeji," alisema. "Hizi ni sekunde chache. Rekodi nzima iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Kwa nini?"

"Kulinda heshima ya mama, shemeji. Mambo ya watu wazima yale."

"Ulipoifuta ulikuwa unajua ni mgeni wa mama?"

"Nd..." Injinia akasita. "Hapana."

"Hukujua. Ulikuwa unaamini ni mwanamume wangu. Umekuja hapa kunianika mbele ya ukoo, halafu ushahidi wenyewe unaufuta? Ulikuwa unalinda heshima ya mama dhidi ya nini?"

Injinia akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akamtazama kaka yake. Kosa kubwa hilo, kumtazama kaka yake, maana kila mtu alimwona.

"Haidhuru," Fundi alisema. "Nakala ipo."

"Nakala gani?" Aliyeuliza hakuwa Injinia. Alikuwa Mpimaji.

Huyu ni mume ambaye hajawahi kuuliza lolote kuhusu mashine ile. Siku Fundi alipomwita aione inavyofanya kazi, alisema yuko kwenye mpira. Leo ameuliza, tena amesimama.

"Kila rekodi ikikamilika, inajinakili," Fundi alisema. "Moja inabaki kwenye diski ya pili hapo kabatini, nyingine inatoka nje kwa intaneti. Ukifuta ile ya mwanzo, nakala haifutiki. Kama ingefutika nayo, ingekuwa na faida gani?"

"Mjomba," Mpimaji alisema, "huku ni kumdhalilisha mama. Ameshakiri. Tunataka nini tena, tumvue nguo?"

"Ngoja nikazime kile kidude kabisa," Bi Swichi akainuka, "kimeshaleta balaa la kutosha."

"Kaa!" Mjomba akapiga fimbo. Bi Swichi alikaa kabla ya mwangwi kwisha. "Mnaniona mimi mtoto? Miaka yote hii nakataa posa za dada yangu, nasema ni mwanamke wa heshima. Nataka nimwone huyo kidume kwa uso wake. Mkwe, kalete."

Fundi akaenda kabatini. Akaingiza mkono chini ya mashuka, akatoa diski ndogo nyeusi na waya wake mfupi.

"Si chaja hiyo?" Injinia aliuliza.

Nimeshasema, anakuongezea nafasi.

Fundi akaichomeka kwenye kompyuta yake ya mapajani, akaiunganisha na runinga, akafungua sauti mpaka mwisho. Mpimaji alirudi kukaa, akasimama, akaenda kuegemea ukuta karibu na mlango. Hakuna aliyemuuliza kwa nini anatoka jasho.

Ua ukatokea. Kamba ya nguo, tangi la bluu. Safari hii walisikia kuku wa jirani, na mlango ukilia bawaba. Mwanamume mwenye kofia akaingia, viatu mkononi, akanyata.

"Simama! Simama!" sauti ilisema kutoka nje ya picha. "Umeingia kama fundi bomba."

Mwanamume akasimama. Akavua kofia, akajikuna kichwa. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mwenye upara na uso wa mtu aliyelipwa nusu. "Sasa niingieje?" akauliza.

"Nyata. Inamisha kofia uso usionekane. Wewe ni mwizi wa mke wa mtu, siyo msoma mita ya maji. Rudia."

Fundi aliijua sauti ile. Ni sauti inayomuuliza kila asubuhi soksi ziko wapi.

Mwanamume akatoka, akaingia tena. "Bado!" ilisema sauti. Halafu mwenye sauti akaingia mwenyewe kwenye picha, mikono kiunoni, na koti lake la kazi la porini, huko porini alikosema yuko.

Mpimaji mzima mzima.

"Lete viatu," Mpimaji wa runingani alisema. Akavichukua. Akashusha kofia usoni. Akapinda mgongo, akapita ua wote kwa ncha za vidole, akimwonyesha mwenzake jinsi mgoni wa mkewe anavyotakiwa kutembea. Alipofika mlangoni akageuka, anacheka. "Umeona? Hivyo."

Mnajua kitu kilichomchoma Fundi? Tuseme ukweli, ilimchoma, asiwadanganye mtu kwamba mwanamke shupavu haumii. Alikuwa hajamwona mumewe akifanya jambo lolote kwa bidii kiasi kile. Bomba la jikoni limevuja mwaka mzima. Kumbukumbu ya ndoa yao anaisahau kila mwaka. Lakini kumfundisha mtu kunyata, alijitolea mwili na roho.

"Na mkeo akiapa?" mwenye upara aliuliza runingani.

"Aape mpaka akauke. Mdogo wangu ataipanga tarehe. Mama yuko upande wetu, likiharibika atajibebesha yeye. Na yule mzee wetu ukimwonyesha tarehe, haoni kingine. Ana kichwa kigumu lakini chepesi kugeuza."

Sebuleni, fimbo ya Mjomba ililalia upande. Hakuiokota.

"Mjomba," Mpimaji wa mlangoni alianza, "hiyo siyo..."

"Siyo wewe?" Fundi alimuuliza. "Ni kaka yako mwingine? Ni kamera imeota? Mwanamume mzima, unakodisha mtu wa kuwa mgoni wa mkeo, halafu hata kunyata hajui mpaka umfundishe! Ungeniambia tu hunitaki. Ningekudharau kidogo kuliko hivi."

"Usiniongeleshe hivyo mbele ya mama!"

"Mama yako ndiye aliyekubali kuitwa mzinzi ili wewe usiitwe mwongo. Mshukuru, maana mimi nimeshamaliza kukuongelesha."

Bi Swichi alikuwa analia sasa, kilio cha kweli, kibaya kukitazama. Injinia alikuwa anarudi nyuma nyuma akielekea jikoni, bisibisi imeshikwa mbele kama mshumaa.

Na Fundi, kwa mara ya kwanza mchana ule, alivuta pumzi hadi chini. Ameshinda. Mjomba ameona kwa macho yake na kusikia kwa masikio yake, tena naye ametukanwa. Nyumba ni yake. Hakuna ukoo duniani utakaomtoa.

Akanyoosha mkono kuzima.

"Acha," Mjomba alisema. "Iende."

Ikaenda. Runingani geti likalia. Akaingia msichana, anatembea kwa kujivuta, tumbo mbele, mimba ya kukaribia. Shingoni ana futi ya mshonaji. Akapita moja kwa moja hadi dirisha la chumba cha kulala cha Fundi, akaivuta futi, akaanza kupima upana.

"Mapazia yake yale mabaya nayatoa yote," alisema. "Nataka ya rangi ya maziwa."

Kisha Bi Swichi akatoka ndani, si na gauni la maua, na khanga yake ya kila siku, amebeba kiti. Akakiweka kivulini. Akampapasa msichana mgongo.

"Kaa mwanangu," alisema. "Usisimame sana, utavimba miguu."

Mwanangu! Miaka yote ile Fundi hakuwahi kupewa hata neno *mtoto*. Alibeba mimba iliyotoka akiwa amesimama anafua mashuka ya mama yule, na hakuna aliyemletea kiti. Machozi yalimjia hapo, bila kumwomba ruhusa, akayaacha yatoke.

Msichana akakaa, akageuza uso kwenye kamera.

Mtu mmoja sebuleni alisema "Yesu!" na mwingine "Mungu wangu!" na Injinia, kule mlango wa jikoni, akaangusha bisibisi.

Alikuwa kitinda mimba wa Mjomba. Yule aliyesemwa yuko chuo cha mbali, na kwamba masomo ni mazito, harudi likizo.

Fundi akageuka kumtazama mzee. Alimwonea huruma kabla hata hajamwona. Baba gani anaonyeshwa binti yake hivi, mbele ya watu, kwenye runinga, na mpwa wake Mpimaji ndiye aliyempa mimba? Alisubiri ngurumo. Alisubiri fimbo ipae.

Mjomba hakushtuka.

Alikuwa ameishika miwani mkononi, anaifuta kwa kona ya shati, jicho moja, kisha la pili. Aliivaa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama kitu alichokwisha kukiona.

"Mkwe wangu," alisema kwa upole. "Nakala kama hiyo ziko ngapi?"

Mkono wa Fundi ulikwenda wenyewe kwenye diski, ukaifunika.

"Ziko nyingi," alisema. "Nilishawaambia, nyingine hutoka nje kwa intaneti. Ziko hospitali. Ziko kila mahali."

Mjomba akamgeukia Injinia. "Kweli?"

Na yule bwege, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akajibu sawasawa.

"Siku ile ruta niliizima mimi mwenyewe, Mjomba, ndiyo saa ikabaki nyuma. Na nilifuta kabla sijaiwasha. Haikutoka kitu nje." Akamnyooshea Fundi kidole. "Iko hiyo hiyo moja, mkononi mwake."

Mjomba akainama, akaokota fimbo yake.

Na pale mlangoni, bila kuambiwa, Mpimaji akageuza ufunguo.